Diski za nyuma za Forester zimegoma kutoka, na handibreki haishiki

Mwana wa Raskazone, Tanga

Wakuu, habari za jioni.

Nina Subaru Forester SG5 ya 2004, otomatiki, injini ya lita 2.0 isiyo na turbo. Naishi Tanga mjini, na hapa mjini handibreki huikumbuki. Ardhi ni tambarare, ukifika unatia P, unafunga milango, unaondoka. Taabu yangu iko Lushoto, kwa mama.

Kwa mama unaingia kwa kijia cha udongo mwekundu kinachopanda kutoka barabarani mpaka uani. Mwezi uliopita nilifika magharibi, mvua imetoka kukatika. Nikasimama katikati ya kilima, nikavuta handibreki hadi juu, nikaachia pedali nikiwa bado sijatia P. Mdogo wangu alishazunguka nyuma kufungua buti atoe gunia la nazi nililompelekea mama. Gari likaanza kurudi. Halikurudi kwa kasi, lilirudi polepole, na yule mtoto alikuwa ameshainama. Nilikanyaga breki likasimama hatua moja tu kutoka alipokuwa. Hakuguswa. Ila tangu siku ile nikifumba macho nauona mgongo wake kwenye kioo.

Niliporudi Tanga nikalipeleka gereji. Fundi akafungua kiboksi cha katikati ya viti, akakaza nati ya waya wa handibreki mpaka nyuzi zikaisha. Nikatoka nimefurahi, inashika kwa meno 3, ile milio ya mkono wake unapouvuta. Baada ya siku nne tano nikaanza kusikia harufu ya kuungua kila nikipaki, na rimu ya nyuma kushoto inachoma mkono. Wiki ya tatu handibreki ikarudi kulekule: inapanda meno 11 na gari bado linasukumika.

Nikaamua safari hii kazi naifanya mwenyewe uani kwangu, nione kwa macho yangu kilichomo humo ndani. Diski na pedi za nyuma nazo zimefika mwisho. Ukipitisha ukucha pembeni mwa diski kuna ukingo unakwaruza, na nilipoipima kwa venia, kile kipimo cha unene, ilisoma milimita 8.4, wakati kwenye diski yenyewe kumegongwa kwamba kiwango cha mwisho ni 8.5. Nimeagiza diski 2, pedi, shuu za handibreki na paketi ya springi zake kutoka Kariakoo, vyote vimekuja na basi.

Jana nimeanza na upande wa kushoto. Tairi limetoka. Kalipa, ile inayozibana pedi kwenye diski, imetoka, nimeifunga kwa waya kwenye springi ya gari ili isining'inie kwa mpira wake. Boli 2 za kishikio cha kalipa zilinitoa jasho lakini zikalegea. Imebaki diski, na hiyo ndiyo haitoki. Nimeigonga kwa nyundo saa nzima pande zote, nimeipulizia dawa ya kulegeza kutu nikaiacha ilale, leo nimegonga tena. Ukiizungusha inakwenda kama robo mzunguko, halafu inakwama na mlio wa kokoto ndani ya debe. Kutoka, haitoki.

Nitafute nyundo kubwa zaidi? Niichome kwa gesi? Au kuna boli nimeisahau? Naomba msaada wenu, gari liko juu ya jeki na Ijumaa nataka kupanda Lushoto.

Mama Wawili, Moshi

Kaka, ya diski wataalamu watakujibu. Mimi nimeshtushwa na hapo mwisho, "gari liko juu ya jeki". Tafadhali, kabla hujagonga tena hata mara moja, tia stendi.

Gari la shemeji yangu liliteleza kwenye jeki hivihivi uani kwake. Jeki ilikaa juu ya mchanga, ikazama upande mmoja, gari likatua kwa habu, kile kitovu ambacho tairi hufungwa. Alikuwa ndiyo kwanza amechomoa mkono kufuata spana. Na uani kwenu Tanga najua ni mchanga. Weka ubao mgumu na mpana chini ya kila stendi, tairi ulilolitoa lilaze chini ya ubavu wa gari, na magurudumu ya mbele yatilie mawe mbele na nyuma. Handibreki ambayo ingelizuia hilo gari ndiyo hiyo uliyoifungua.

Fundi Mzee wa Msamvu, Morogoro

Mwanangu, weka nyundo chini. Hakuna boli uliyoisahau, na gesi usiisogeze hapo kabisa, kuna beringi na mipira nyuma yake.

Kwanza elewa unachokivuta. Diski ya nyuma ya gari lako ina kazi mbili. Ule uso bapa wa nje ndio unaobanwa na pedi ukikanyaga pedali. Lile tumbo la katikati, panapotokea stadi, zile boli za kufungia tairi, kwa ndani ni dramu kamili ya kipenyo cha milimita 170, na humo zimekaa shuu 2 za handibreki, vile vyuma vya upinde vinavyotanuka na kuibana dramu kwa ndani, sawa na zile za breki za dramu ila ndogo. Handibreki haigusi pedi hata kidogo. Ungebadilisha pedi mara kumi, pale kwa mama gari lingerudi vilevile. Mark X ziko hivyo, Harrier nyingi ziko hivyo, na wenyewe wengi hawajawahi kuambiwa.

Sasa dramu ile inalika. Shuu zinachimba kijifereji, na mdomoni panabaki ukingo wa chuma na kutu ambao haukuguswa na kitu. Ukivuta diski, shuu zinakuwa zimezama ndani ya kijifereji, ule ukingo unazikamata kwa nyuma. Kwa hiyo kila unapogonga unavuta shuu, unavuta springi, na unavuta vile vipini vinavyozishikilia kwenye bati la nyuma. Ukizidisha, vipini vinatoboa bati. Na bati lile kulibadilisha mpaka utoe habu na beringi. Nimepokea magari ya watu waliofika hapo, kazi ya mchana mmoja ikawa ya siku nne.

Kwako kuna la ziada. Waya ukikazwa kupita kiasi, shuu hazirudi mahali pake, zinasugua dramu mwendo wote. Ile harufu na ile rimu ya moto ni lainingi zako, ile ngozi ngumu iliyogundishwa juu ya shuu, zilikuwa zinaungua. Na huo mlio wa kokoto ndani ya debe, ninavyousikia kwa maelezo yako, ni kipande cha lainingi kilichobanduka kwenye chuma chake, kimejibana humo. Gundi ikishirikiana na kutu na joto inaachia. Kwenye Forester nimekuta lainingi zilizobanduka mara nyingi kuliko zilizokwisha kwa kulika, maana handibreki inatumika gari likiwa limesimama, itailaje lainingi?

Haya, fanya hivi. Rudi ndani ya gari, shusha handibreki mpaka chini, fungua kile kiboksi na legeza nati ya waya mpaka waya ulale kabisa. Kisha nyanyua magurudumu yote mawili ya nyuma, yakae juu ya stendi kama dada yetu wa Moshi alivyokuonya, mawe yawe mbele, ndipo utie N ili diski zizunguke bila kushikwa na gia. Na injini usiiwashe gari likiwa hivyo. Hilo linavuta kwa magurudumu manne, ya mbele yakipata nguvu linaondoka juu ya stendi na wewe uko chini.

Nyuma ya breki, kwenye lile bati, kuna kizibo cha mpira. Kitoe, mulika tochi, utaona kigurudumu chenye meno. Hiyo ndiyo ajasta. Ingiza bisibisi bapa, sukuma jino moja moja huku mkono wa pili unazungusha diski. Ukiona inazidi kukaza, umekosea upande, geuza. Usikariri "juu" au "chini", kushoto na kulia haziendi sawa. Irudishe mpaka igome kwenda.

Halafu tazama uso wa diski, katikati ya stadi. Kuna matundu 2 madogo yenye nyuzi, yamejaa kutu, ndiyo maana macho yako yameyapita. Kiwanda kiliyaweka kwa ajili ya siku kama hii. Nyuzi zake ni M8, yaani boli ya unene wa milimita 8, na nafasi kati ya uzi na uzi ni milimita 1.25. Yachokonoe kwa waya, tia mafuta, tafuta boli 2 za saizi hiyo zenye urefu wa kama sentimita 4. Funga ya kwanza nusu mzunguko, hamia ya pili nusu mzunguko, rudi ya kwanza. Usiimalize moja peke yake, diski itakaa upande na nyuzi zitakatika. Boli zinasukuma habu, na diski inajitoa yenyewe kwa usawa. Utasikia "ta!" kutu inaachia.

Ikishatoka, vumbi usilipulize, si kwa mdomo wala kwa kompresa. Lainingi nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na kwa macho huwezi kuzitenga na zisizo nayo. Nyunyizia maji ya sabuni, futa kwa kitambaa kibichi, kitambaa kifunge kwenye mfuko ukitupe. Nimewazika wenzangu wawili wa ujana wangu waliokuwa wakipuliza dramu kwa kompresa kutwa. Sisemi kilichowaua ni hicho, mimi si daktari. Ila tangu hapo sipulizi, na wanaojifunza kwangu hawapulizi.

Kabla hujagusa springi piga picha, na upande wa kulia usiufungue mpaka wa kushoto uwe umekamilika, ili uwe na pa kuchungulia. Vaa miwani, zile springi za juu zikichomoka zinatafuta jicho. Ajasta ifungue yote, isugue, paka grisi ya kuhimili joto kwenye nyuzi zake, na paka tena kidogo sana pale shuu zinapolala kwenye bati. Kidogo ninayosema ni ile inayobaki ukishapitisha kidole. Grisi ikifika kwenye lainingi, umebadilisha shuu bure.

Uso wa habu usugue kwa brashi ya waya mpaka uone chuma cheupe. Kutu nyembamba kama karatasi ikibaki hapo, diski mpya inakaa upande, na baada ya miezi michache pedali inakutetemekea mguuni ukashangaa diski bado mpya. Diski zenyewe zioshe kwa dawa ya kusafishia breki, zinatoka dukani na mafuta ya kuzuia kutu.

Ukirudisha kalipa, pistoni yako inasukumwa moja kwa moja kwa klampu. Haizungushwi, maana handibreki haipiti humo. Fungua kifuniko cha mafuta ya breki kwanza na sukuma taratibu, yakifurika yanababua rangi ya gari.

Ajasta sasa. Ibane diski kwa nati 2 za tairi ilale vizuri kwenye habu. Kaza ajasta mpaka diski isizunguke kabisa, kisha rudisha meno 3 au 4. Diski inatakiwa izunguke huru, sana sana usikie msuguano mwepesi. Ukimaliza pande zote mbili ndipo uingie ndani ukaze waya, ukivuta kwa nguvu ya mkono mmoja ishike kwenye meno 7 au 8. Shuu kwanza, waya mwisho. Waliokufanyia mara ya kwanza walianzia kwenye waya wakaishia hapohapo.

Mvuvi wa Likoni, Mombasa

Salamu kutoka Mombasa. Fundi Mzee amemaliza yote, Mungu amzidishie. Nami naongeza jambo moja letu sisi watu wa pwani, nalo ni chumvi.

Gari yangu yalala mita chache kutoka baharini. Mwaka wa kwanza nilibadilisha pedi za nyuma, na kabla ya miezi minane pedi ya ndani ikawa imebaki chuma kitupu, ya nje bado nene. Nikadhani nimeuziwa pedi mbovu, nikaenda kugombana na mwenye duka. Kumbe makosa hayakuwa yake. Pini mbili ambazo kalipa yatakiwa kutelezea zilikuwa zimeshika kutu, kalipa haitembei, basi pistoni yasukuma pedi ya ndani peke yake. Nilirudi dukani nikamtaka radhi.

Kwa hivyo, ndugu yangu, hebu zilinganishe pedi ulizozitoa. Zikiwa hazilingani unene, pini ndizo mgonjwa. Zichomoe, zisugue kwa msasa laini, zipake grisi ya silikoni ya breki. Ile grisi ya kawaida ya beringi usiitie hapo, huivimbisha mipira na pini hukwama upya. Na kimfuko cha mpira kikiwa kimepasuka kibadilishe, hata kama kwa macho ni kidogo tu, maana chumvi hupitia papo hapo.

Mwana wa Raskazone, Tanga

Shikamoo Fundi Mzee. Dada wa Moshi, asante, stendi 4 nimeazima kwa jirani kabla sijagusa kitu. Na Likoni, asante sana.

Imetoka! Leo Jumatano alasiri. Nililegeza waya, nikakitafuta kile kizibo, kilikuwa kimefunikwa na matope makavu nikadhani ni sehemu ya bati. Ajasta ilikuwa ngumu, nimeirudisha meno kama 20 ikagoma. Boli za M8 nilizipata kwa fundi pikipiki wa mtaani. Mzunguko wa sita wa boli ya pili nikaisikia ile "ta!" uliyoiandika, na diski ikasogea unene wa sarafu. Nimeitoa kwa mikono miwili bila kugonga.

Kilichomo ndani ni hivi. Lainingi ya shuu ya mbele imebanduka yote nzima. Ilikuwa imekatika vipande viwili, kimoja kirefu kama kiganja, kimepinda kama ganda la embe lililokauka, kimejisokota katikati ya shuu ya nyuma na dramu. Kwa upande wa ndani, pale palipokuwa na gundi, pana kutu ya rangi ya machungwa kote, isipokuwa doa moja jeusi dogo kuliko kucha. Yaani lainingi nzima ilikuwa imeshikiliwa na doa hilo. Shuu yenyewe imebaki chuma kitupu, kinang'aa kwa kusugua dramu. Nimekaa nimekishika kile kipande muda mrefu. Hiki ndicho nilichokitegemea pale kilimani.

Upande wa kulia lainingi zilikuwa bado zimeshika, lakini nilipoingiza bisibisi ukingoni na kusukuma kidogo tu, moja ikabanduka ikaanguka mkononi. Milimita 2 na kitu, bado nene. Kitabu kinasema mwisho ni 1.5. Ungeangalia unene tu ungesema ni nzima.

Pedi: kulia zinalingana. Kushoto ya ndani imebaki milimita 1, ya nje 4. Pini ya chini ilikuwa imekwama kama ilivyosemwa, nimeisugua na kuipaka grisi ya silikoni, sasa inateleza kwa kidole. Mfuko wake wa mpira una ufa, nimebadilisha.

Nimefunga kila kitu kwa mpangilio wako. Springi ya juu ya kulia ilinichukua dakika 40, miwani imenisaidia kweli.

Sasa nina hofu moja. Nimeingia ndani, nimekanyaga pedali ya breki, imekwenda mpaka chini kabisa kama imekanyaga hewa. Mpira wa mafuta sikuufungua hata kidogo. Je, upepo umeingia?

Fundi Mzee wa Msamvu, Morogoro

Marahaba mwanangu. Upepo haujaingia. Uliirudisha pistoni ndani kwa klampu, kwa hiyo sasa kuna nafasi kubwa kati ya pistoni na pedi, na pedali inakwenda kuijaza. Kanyaga polepole mara kumi au zaidi mpaka iwe ngumu, kisha kagua mafuta. Usiliondoe gari hata mita moja kabla pedali haijagoma. Wapo waliogundua hilo wakati ukuta uko mbele yao.

Kwa kuwa unapanda Lushoto, niulize hayo mafuta ya breki yana umri gani. Yanavuta maji hewani, na kwenu pwani hewa ina maji mengi. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya yanatakiwa yasichemke chini ya nyuzijoto 205 za Selsiasi, yakishavuta maji kiwango kinashuka mpaka 140. DOT 4 ni 230 na 155. Ile barabara ya kushuka kutoka Lushoto kupita Soni hadi Mombo ni kona baada ya kona, mtu akishuka kwa breki tupu anazifikisha huko. Yakichemka unapata mvuke ndani ya bomba, na mvuke unabanwa kama puto, pedali inazama. Kama hujui yaliwekwa lini, yabadilishe yote kabla ya Ijumaa, tumia DOT 4, inachanganyika na DOT 3 bila tatizo. Uwe na mtu wa kukukanyagia pedali, fuata mpangilio wa kalipa ulio kwenye kitabu cha gari lako, na chupa ya juu isikauke.

Kisha pedi na diski zizoee. Tafuta barabara tupu, kimbia kilomita 60 kwa saa, punguza kwa breki ya wastani mpaka 20, usisimame kabisa, rudia mara nane au kumi ukiziacha zipoe kati. Siku hizo mbili tatu za mwanzo usikanyage kwa ghafla ila ukilazimika.

Handibreki nayo ina mazoezi yake, na hapa ndipo wengi wanapoishia njiani. Shuu mpya hazijalingana na duara la dramu, zinagusa sehemu tu. Nenda kilomita 35 kwa saa mahali salama pasipo na mtu nyuma, shika kitufe cha handibreki kimebonyezwa usikiachie, vuta taratibu kwa nguvu ya kama kilo 15, uende hivyo mita 200. Achia. Simama dakika 5 mpaka 10 zipoe. Rudia mara moja. Ukirudi nyumbani hesabu meno tena, huenda yameongezeka moja au mawili, basi urekebishe ajasta, si waya.

Na hata huko Tanga tambarare uwe unaivuta. Shuu zisizotumika ndizo zinazokamatwa na kutu. Pia P peke yake kwenye mlima ni kijino kimoja ndani ya gia kinabeba gari zima. Vuta handibreki kwanza, achia pedali gari likae juu yake, ndipo utie P.

Mwana wa Raskazone, Tanga

Naandika kutoka Lushoto, baridi imeshika.

Mafuta nilibadilisha Alhamisi, mke wangu akinikanyagia. Yaliyotoka yalikuwa rangi ya chai ya rangi iliyokolea, mapya ni kama maji yenye umanjano kidogo. Mazoezi ya pedi na ya handibreki nimeyafanya alfajiri kwenye barabara ya Pangani. Meno yalikuwa 7, baada ya mazoezi yakawa 8, nikaongeza jino moja kwenye ajasta kila upande, yamerudi 7.

Tumefika leo saa kumi. Nilisimama palepale katikati ya kijia, udongo umeloa kama siku ile. Nikamwambia mdogo wangu akae barazani asisogee. Nikavuta handibreki, meno 7, nikaachia pedali gari likiwa N. Likazama kidogo nyuma, kama unene wa kidole, likakaa. Nikahesabu mpaka mia tatu. Ndipo nikatia P, nikashuka nikayawekea magurudumu mawe mwenyewe, na gunia la nazi nikalibeba mwenyewe.

Rimu zote mbili za nyuma nimezigusa: vuguvugu, zinalingana. Jumapili nashuka kwa gia ya 2.